Jinsi ya kuomba kazi ya uwakili wa nje katika serikali ya jiji

Majiji mengi yana wanasheria wao wa kuajiriwa, lakini yapo mashauri yanayohitaji mkono wa nje: hatifungani (hati ambazo jiji huuza ili kukopa fedha), migogoro mikubwa ya ardhi, kodi, au kesi ambayo idara ya sheria yenyewe imeguswa. Hapo jiji hutangaza nafasi. Lisome tangazo vizuri ujue linataka nini. Kuna tangazo la kuunda orodha ya mawakili waliohakikiwa, watakaoitwa kazi ikipatikana, na kuna la kutafuta kampuni moja kwa shauri moja. Kuingia kwenye orodha peke yake si ahadi ya kupewa kazi.

Kabla hujaandika chochote, kagua mgongano wa maslahi. Nasisitiza hatua hii kuliko zote. Chukua orodha ya wateja wa kampuni, wa sasa na wa zamani, uilinganishe na jiji, idara zake, mashirika yake na wahusika wa shauri lililotangazwa. Tuseme wakili mwenzio anamtetea mjenzi aliyenyimwa kibali na jiji, nawe unaomba kulitetea jiji hilohilo kwenye kesi za ardhi. Hata kama mna ofisi tofauti, kampuni ni moja. Litaje jambo hilo kwa maandishi na ueleze unavyokusudia kulishughulikia. Pengine jibu la haki ni kutoomba kabisa. Likifichwa likaja kuibuka kesi ikiwa katikati, jiji litalazimika kuanza upya na wakili mwingine, na gharama itamwangukia mwananchi.

Kisha kusanya nyaraka: leseni hai za mawakili, usajili wa kampuni, uthibitisho wa kodi, bima ya dhamana ya kitaaluma (inayofidia hasara mteja anayoipata kwa kosa la wakili) na tamko kuhusu mashauri ya nidhamu. Bima inayokwisha wiki moja baada ya kufungwa kwa zabuni ihuishe mapema.

Ukiwa na swali, liandike na kulituma kwa afisa aliyetajwa kwenye tangazo, kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali. Kwa kawaida majibu hutumwa kwa waombaji wote. Usimpigie diwani unayemfahamu. Katika majiji mengi kufanya hivyo kunatosha kukuondoa, na ni sawa kabisa iwe hivyo.

Sasa andika pendekezo la kiufundi. Sifa za jumla za kampuni zichukue nafasi ndogo. Kamati ya tathmini inataka kujua nani hasa atasimama mahakamani, nani atafanya utafiti, na kila mmoja amewahi kushughulikia mashauri gani yanayofanana na haya. Kutanguliza jina la wakili mashuhuri ambaye hataligusa jalada ni kulidanganya jiji. Eleza pia utakavyoripoti, kwa sababu mwanasheria wa jiji ndiye anayeelekeza kesi, na uamuzi wa kumaliza shauri nje ya mahakama ni wa jiji, si wako.

Pendekezo la fedha mara nyingi huwekwa kwenye bahasha yake, ili bei isiwapofushe wanaopima uwezo. Onyesha ada ya saa kwa kila ngazi ya wakili, au ada maalumu kwa kazi nzima, pamoja na gharama za safari na nakala. Ada ndogo usiyoweza kuimudu itakuumiza wewe na jiji pia.

Wasilisha kabla ya saa iliyotajwa. Ukichelewa, usitegemee bahasha yako kufunguliwa. Baada ya hapo kamati hutoa alama, pengine hufuata usaili, majadiliano ya ada, kisha idhini ya mamlaka husika. Usianze kazi kabla mkataba haujasainiwa.

Ukishinda, andika ankara zinazoeleweka. "Kupitia nyaraka, saa 6" itarudishwa. "Kupitia hati za umiliki wa kiwanja kinachobishaniwa na kuandaa majibu ya madai, saa 2 na nusu" inaweza kukaguliwa na kulipwa.

Ukikosa, omba kwa maandishi maelezo ya alama zako. Ukiona kanuni imekiukwa, wasilisha malalamiko mara moja, kwa sababu muda wake huwa mfupi na aghalabu huanza kuhesabiwa tangu siku ya taarifa ya matokeo.