Kabla hujafungua propela: pikapu inayotetemeka nyuma ikifika spidi 90

Pikapu ikianza kutetemeka nyuma barabara kuu, wengi hukimbilia krosi (viungo vinavyopinda) za propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi akseli ya nyuma. Mara nyingi mkosaji ni tairi. Kabla hujatoa hela, jua kwanza kinachotetemeka kinazunguka na nini: magurudumu, propela au injini.

Anza kwa kuosha. Tope likikaukia ndani ya rimu, upande wa breki, linatosha kuharibu balansi. Jaza upepo kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva, kaza nati zote, kisha pitisha kiganja juu ya kila tairi. Ukigusa kinundu, nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo litoe kabisa, usilipeleke hata kwenye majaribio.

Majaribio yanataka lami iliyonyooka isiyo na magari, na mtu wa pembeni wa kuandika. Panda polepole kutoka kilomita 70 hadi 110 kwa saa uone mtetemo unaanza wapi, unazidi wapi, unapungua wapi. Ukiwa kwenye spidi mbaya zaidi, achia mafuta na utoe gia. Injini usiizime, utapoteza nguvu ya breki na usukani. Mtetemo ukiendelea vilevile, injini haihusiki. Mtetemo ukikoma mara tu unapoachia mafuta, shuku krosi au pembe za propela. Usukani ukicheza kuliko siti, tatizo liko mbele.

Hesabu nayo inasaidia. Tairi la 265/65R17 lina mzunguko wa kama mita 2.4, kwa hiyo kwenye 100 linazunguka mara 11 hivi kwa sekunde. Difu (gia za akseli ya nyuma) ikiwa na uwiano wa 3.9, yaani propela huzunguka mara 3.9 kila gurudumu likizunguka mara moja, propela inazunguka mara 44. Ndiyo maana tairi hutikisa kiuno kwa mapigo unayokaribia kuyahesabu, ilhali propela huvuma chini ya sakafu na taa za gari la nyuma zinaonekana kama ukungu kwenye kioo cha ndani.

Ukihisi ni tairi, hamisha magurudumu ya nyuma yaende mbele na urudi barabarani. Tatizo likihamia kwenye usukani, umelipata bila kununua chochote. Rimu za kununua nje zikaguliwe tundu la katikati: likiwa kubwa kuliko habu (kitovu cha akseli ambacho rimu hukaa juu yake), gurudumu linaweza lisiketi katikati, hata libalansiwe mara kumi.

Ndipo uingie chini. Gari liwe sakafu tambarare, kabari kwenye magurudumu, gia frii, hendibreki imeachiwa. Shika propela pande mbili za krosi, zungusha huku na huku, kisha sukuma juu na chini. Krosi isiyo na tatizo haina mchezo wowote. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake linamaanisha grisi imekwisha. Pikapu nyingi za kabini mbili, Hilux ikiwemo, zina propela ya vipande viwili inayoshikwa na beringi ya katikati; angalia kama mpira wake umechanika. Tazama pia mwili wa propela: alama ya mstatili iliyo wazi, yenye mabaki ya weldi, ni mahali ambapo kipande cha balansi kimedondoka.

Swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: je, springi zimeongezwa? Ukiongeza vipande ili gari libebe zaidi, difu inabadilisha mwelekeo na pembe za krosi hazilingani tena. Dalili yake ni gari kutetemeka likiwa tupu na kutulia likibeba mzigo, au kinyume chake. Kaguzi ya springi iende hadi bolti ya katikati. Ikikatika, akseli husogea, na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye akseli) zilizolegea huisaidia kusogea.

Ikibidi kushusha propela, piga alama za rangi kwenye flanji (sahani za kuungia) zote na kwenye sehemu yenye meno inayoteleza. Ikirudishwa imegeuka jino moja tu, krosi za pande mbili hazifanyi kazi pamoja, na utapata mtetemo mpya ambao haukuwepo asubuhi. Badilisha kitu kimoja, jaribu barabara ileile kwa spidi ileile, ndipo uguse kingine. Yubolti ulizokaza zirudie baada ya kilomita mia chache.