Somo: Namna ya kuandaa mwongozo wa ujenzi wa mtaa pamoja na wakazi wenyewe

Mwongozo ninaouzungumzia hapa si ile ramani inayobandikwa ukutani ofisini, bali ni maandishi ya kurasa chache yanayoeleza jinsi nyumba, kuta, vibaraza, mitaro na vichochoro vya mtaa mmoja vinavyopaswa kukaa ili majirani wasiumizane. Nimewalenga hasa wanakamati wa mitaa ya Dar es Salaam iliyojengwa kabla ya kupimwa, ambako nyumba zilitangulia na ramani ndiyo inayozifuata.

Hatua ya kwanza: Jueni mamlaka yenu yanaishia wapi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeiweka kazi ya kupanga miji mikononi mwa halmashauri, si mikononi mwa mtaa. Kwa hiyo mwenyekiti na mtendaji wamwalike ofisa mipango miji tangu siku ya kwanza, kwa barua, kwani ofisa anayeletewa kazi iliyokwisha hana la kufanya ila kuikubali yote au kuikataa yote.

Hatua ya pili: Orodhesheni wanaokaa, si wanaomiliki pekee. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Katika mtaa mmoja nilioufanyia kazi, tuliitisha mkutano siku ya Jumatano saa nne asubuhi, wakaja wazee wenye nyumba na wastaafu, tukakubaliana kwa furaha kwamba meza zote za biashara ziondolewe kwenye njia kuu. Wiki mbili baadaye mama lishe na wauza mkaa, ambao saa ile walikuwa kazini, walitujia wakiwa wamekasirika, nasi tulilazimika kuanza upya. Kosa lilikuwa letu.

Mfano wa kujifunzia ni Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Serikali ya kaunti ilipoitangaza kuwa eneo maalumu la mipango miji mwaka 2017, kaya zake, ambazo ni takriban laki moja na nyingi ni za wapangaji, ziliunganishwa kumi kumi, kila kumi ikatoa msemaji wake, na vikundi hivyo vikaunganishwa tena kuwa vikubwa zaidi. Kwetu mtu atasema mara moja kwamba mabalozi wa nyumba kumi tunao. Ni kweli, ila balozi ni kiongozi wa chama cha siasa, na mwongozo ukipitia kwake wasio wa chama hicho watauona si wao. Gawanyeni nyumba upya kwa kufuata vichochoro, na kila kichochoro kichague watu wawili, mmoja wao awe mpangaji.

Hatua ya tatu: Tembeeni kabla ya kukaa kikao. Chukueni kamba, ifungeni fundo kila baada ya mita moja, kisha mpite kila kichochoro mkipima na kuandika. Msiulize wakazi wanataka njia ya mita ngapi, kwa sababu swali hilo halina jibu la maana kwa mtu asiyezoea vipimo. Waulizeni mgonjwa alitolewaje usiku, gari la maji taka linasimama wapi na mpira wake unafika choo kipi, na jeneza la mwisho lilipita vipi. Tulipofika kwenye kona moja, kijana mmoja alituonyesha mchubuko wa rangi juu ya ukuta, akasema hapo ndipo waliponyanyua jeneza la babu yake juu ya vichwa kwa kuwa wabebaji hawakuweza kupinda nalo. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha kwamba kona zikatwe.

Hatua ya nne: Choreni chini. Ramani ya karatasi huwanyamazisha wengi. Mwageni chokaa ya unga uwanjani, mchore njia, ngazi na mtaro kwa ukubwa wake halisi, kisha mwenye nyumba asimame penye kizingiti chake na jirani asimame penye chake. Mabishano ya saa nzima huisha kwa dakika kumi.

Hatua ya tano: Andikeni kwa kipimo na kwa sababu. Sentensi kama "njia ziwe pana vya kutosha" haimfungi mtu. Andikeni kwamba ngazi isitokeze ndani ya njia, kwamba maji ya paa yaelekezwe kwenye mtaro wa mwenye paa na si kwa jirani, na kwamba ukuta unaotazama kichochoro uwe na matofali ya matundu kuanzia usawa wa kifua ili apitaye usiku aonekane. Chini ya kila sharti wekeni mstari mmoja wa sababu.

Hatua ya sita: Rudisheni rasimu kichochoro kwa kichochoro, jioni au Jumapili, kisha muipeleke mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari usainiwe, na yote yaende halmashauri.

Maswali ya wakazi na wanakamati

*Mpangaji, Tandika:* Mwenye nyumba wangu anasema mpangaji hana sauti kuhusu ukuta usio wake. Nimjibu nini?

Mwambie kwa heshima kwamba ukuta ni wake lakini kichochoro ni cha wote, na anayekanyaga maji machafu kila asubuhi ni wewe. Ikiwezekana, mjumbe wa kichochoro chenu azungumze naye kwanza, faraghani.

*Fundi, Mbagala:* Waliokwisha kujenga wabomoe?

La. Mwongozo uhusu ujenzi mpya na ukarabati mkubwa. Mkianza kwa kubomoa, hakuna atakayewafungulia geti mpime.

*Mkazi, Mji Mkongwe, Zanzibar:* Sisi tunayo Mamlaka ya Uhifadhi tangu 1985. Je, somo hili linatuhusu?

Linawahusu katika sababu zaidi kuliko katika masharti. Mkazi akiambiwa tu kwamba saruji hairuhusiwi kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe, atapiga lipu usiku. Akionyeshwa jinsi saruji inavyofungia unyevu ndani hadi lipu inabanduka na boriti zinaoza, ilhali chokaa huuacha ukuta upumue, atauliza chokaa inapatikana wapi. Swali hilo mtakuwa mmeliandalia jibu, pamoja na bei.

*Katibu wa kamati, Kimara:* Kazi yote huchukua muda gani?

Kwetu ilichukua miezi saba, miwili kati yake ikiwa ni ya kurekebisha ule mkutano wa Jumatano.