Kuacha Kung'ata Kucha Ukubwani

Mtu aliyeanza kung'ata kucha utotoni na kufika nayo utu uzima hana haja ya kuelezwa kwamba tabia hiyo haipendezi. Amekwisha kuambiwa na wazazi, na walimu, na wenzake wa kazini waliomtupia jicho vidoleni alipokuwa akitia saini, na mwenyewe amejiapiza mara zisizohesabika. Mimi niling'ata kwa zaidi ya miaka thelathini, na viapo vyangu vyote vilivunjika nikiwa sipo: nilikuwa nikisoma, au nikimsikiliza mtu, na nilipozinduka kipande cha ukucha kilikuwa tayari ulimini. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba tabia hii imekaa kwenye nia. Imekaa mkononi, na mkono hausikii viapo. Mkono hufundishwa kazi nyingine badala ya ile uliyoizoea.

Kwa juma la kwanza, usijizuie. Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kila unapojikuta umeng'ata, andika saa, mahali, ulilokuwa ukilifanya, kidole kilichohusika, na hasa kile ambacho mkono ulikifanya kabla haujafika mdomoni. Jambo hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine yote, na ndilo ambalo watu wengi hawajawahi kulitazama. Nilipojichunguza kwa makini niligundua kwamba kidole gumba changu kilikuwa na mwendo wake: kilipita juu ya ncha za vidole vinne, kimoja baada ya kingine, kikipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kikikuta ukucha laini, kilisonga mbele. Kikikuta kijipembe kilichochanika, hata kiwe chembamba kama uzi, kilisimama hapo, kikakikwangua mara mbili au tatu, ndipo mkono ukapanda. Kati ya kupapasa huko na jino palikuwa na nafasi ya sekunde chache tu, na kumbe ndani ya sekunde hizo ndimo mlimokuwa na uwezekano wote wa kuacha. Anayengoja mpaka ahisi ukucha kati ya meno amechelewa.

Daftari litakuonyesha pia kwamba kung'ata ni kwa aina zaidi ya moja. Kuna kung'ata kwa wasiwasi, ambako ndiko kunakosemwa zaidi, lakini kuna kung'ata kwa uchovu wa kusubiri, na kwa kuzama katika fikra, na kuna kule ninakokuita kung'ata kwa kurekebisha, ambako mtu hung'ata ili asawazishe ukingo alioung'ata jana, akauacha na pembe mpya atakayoirekebisha kesho. Mimi nilikuwa mrekebishaji. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mimi nilimaliza kucha kumi kwa nia njema kabisa ya kuzinyoosha.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni msasa wa kucha. Tafuta ule mwembamba wa kadibodi au wa kioo, wala si tupa ya chuma yenye meno makali, kwa sababu ukucha uliotafunwa kwa miaka mingi huwa umedhoofika na huchanika upesi kwenye tabaka zake. Usinunue mmoja, nunua kadhaa, uuweke mmoja kando ya kitanda, mwingine mezani unapofanyia kazi, mwingine mfukoni, kwani msasa ulio chumba cha pili hauwezi kushindana na meno yaliyo mdomoni. Kila kidole gumba kinapokuta mkwaruzo, toa msasa na uusugue ukingo huo kwa kuelekea upande mmoja, bila kwenda na kurudi, hadi usihisi kitu. Ngozi zinazochomoza pembeni mwa ukucha nazo zikatwe kwa kikata kucha, karibu kabisa na shina, bila kuvutwa. Ule utando wa ngozi ulioshika mzizi wa ukucha uachwe ulivyo, maana ndio unaoziba njia ya vijidudu. Kisha paka mafuta mazito asubuhi na usiku. Mafuta hulainisha ngozi, na mkono usiokuta kitu cha kukwangua hupoteza sababu ya kupanda.

Hata hivyo hamu haitakwisha kwa msasa peke yake. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walieleza njia ya kubadili tabia za namna hii ambayo mpaka leo ndiyo wataalamu wanayoianzia, nayo kiini chake ni rahisi: unapohisi dalili ya kwanza, fanya kitendo kingine ambacho hakiwezi kufanyika sambamba na kile cha zamani. Kwa kucha, kitendo hicho kwa kawaida ni kukunja ngumi taratibu na kuikaza kiasi, mkono ukiwa umeshuka chini, kwa muda wa dakika 1 hadi 3, au kushika kwa uthabiti kitu kilicho karibu kama vile kalamu au ukingo wa kiti. Kitendo kiwe cha aina ambayo mtu aliyeketi mbele yako hataitambua, ama sivyo utakiacha siku ya kwanza utakapokuwa kikaoni. Dakika hizo zisikatishwe. Hamu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe, na mkono unajifunza kushuka kwake kwa kuushuhudia, si kwa kuhubiriwa. Steffen Moritz wa Hamburg, Ujerumani, amependekeza njia iliyo ndugu ya hii, ambapo mkono huachwa uanze safari yake ya kuelekea mdomoni, lakini ukikaribia uso hugeuzwa ghafla ukaenda kugusa sikio au sehemu nyingine. Kwa mtu ambaye ngumi haimfai, njia hii inastahili kujaribiwa kwa bidii ileile. Fanya mazoezi hata wakati huna hamu, mara kadhaa kwa siku.

Wengi huanza na dawa chungu za kupaka. Kilichomo katika nyingi kati ya hizo ni denatoniamu, kitu kichungu kupita kiasi kilichogunduliwa Uskoti mwaka 1958. Zina kazi moja tu, nayo ni kengele: humzindua yule anayeng'ata bila kujua. Anayeng'ata kwa kurekebisha atavumilia uchungu huo kama mimi nilivyouvumilia, na kunawa mikono kunaipunguza dawa, hivyo inabidi ipakwe tena na tena. Plasta kwenye vidole viwili vilivyoumia zaidi hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo.

Mweleze mtu mmoja unayeishi naye unachokifanya, na mkubaliane neno moja fupi, au mguso wa bega, atakaoutumia akiona mkono unapanda. Asikaripie. Aliyelelewa kwa kuchapwa vidole anajua kwamba makaripio humfundisha mtu kujificha, na anayejificha hung'ata akiwa peke yake, ambako hakuna wa kumzindua.

Ukucha wa mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, na hivyo huchukua karibu miezi 6 kujibadilisha wote kutoka mzizini hadi nchani. Mpango wako uufuate mwendo huo. Majuma mawili ya kwanza huwa mepesi kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa hakuna cha kung'ata. Ugumu huja katika juma la tatu au la nne, ukucha unapovuka ncha ya kidole kwa mara ya kwanza, ukaanza kukwama kwenye nguo na kuhisiwa kila unapogusa kitu. Watu wengi huanguka hapo, nami nilianguka hapo mara nne. Katika kipindi hicho piga msasa kila siku, hata kama ukucha hauna kasoro, na uuweke mfupi kwa hiari yako. Usishangae pia ukiona kwamba sehemu ya waridi iliyoshikamana na nyama ni fupi huku ile nyeupe ikiwa ndefu kuliko za watu wengine. Nyama iliyorudi nyuma kwa miaka husogea mbele polepole, na huchelewa zaidi ikiwa unachokonoa chini ya ukucha kwa kitu chenye ncha. Ukiteleza kwenye kidole kimoja, kipige msasa papo hapo, kipake mafuta, na uvihesabu vile tisa vilivyosalia.

Kidole kikivimba pembeni mwa ukucha, kikawa chekundu, cha moto, na kuanza kutunga usaha, huyo ni mdudu wa kidole, na anahitaji kuonwa na mganga hospitalini badala ya kutumbuliwa nyumbani. Chunjua zinazozunguka kucha nazo huhamishwa na meno kutoka kidole kimoja hadi kingine na hata midomoni, kwa hiyo zitibiwe mapema. Anayeng'ata mpaka damu itoke, kila siku, na kuona kwamba hawezi kukaa bila kufanya hivyo, azungumze na mtaalamu wa saikolojia bila haya, kwa kuwa mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 unaiweka hali hiyo karibu na matatizo ya kulazimika kurudiarudia vitendo, na matibabu yake yapo.

Likaja jambo ambalo sikulitarajia: ilinibidi nijifunze kukata kucha, kazi ambayo mtoto huifundishwa mapema nami sikuwahi kuihitaji. Zikate baada ya kuoga, zikiwa zimelainika, kwa vipande vidogo vidogo ukifuata umbo la ncha ya kidole, na uache ukingo mweupe wa kama milimita 1. Kisha umalizie kwa msasa, na upitishe kidole gumba juu ya vile vinne, taratibu, kuhakikisha kwamba hakuna penye mkwaruzo.