Kabla ya dripu ya kwanza: mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa wa Tanga na watu wake

Dada yangu aliporudi Ngamiani kutoka kupigwa dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, barazani hapakuwa na pa kukanyaga. Majirani, mawifi wa Pongwe, mama mkubwa kutoka Muheza na kapu lake la machungwa, wote walikuja kumjulia hali. Siku ile alikaa kitako akawahadithia safari, akacheka. Siku ya kumi, alipokuwa hawezi hata kumeza mate kwa vidonda vya mdomo, nyumbani tulikuwa mimi na mwanangu wa darasa la 5 tu. Watu walikuwa wamemwona mzima, wakajua yamepita.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuandaa, kabla ya ndoo na kabla ya tangawizi, ni kalenda. Ile ya ukutani inayotolewa bure madukani inatosha, mradi ina nafasi ya kuandika. Dawa za kemo huwinda chembe zinazozaliana kwa kasi. Saratani ndivyo ilivyo, lakini ndivyo ulivyo pia uroto wa mifupa unaotengeneza damu, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na mizizi ya nywele. Kila kimoja hulipuka kwa siku yake. Kichefuchefu kinaweza kuanza saa chache baada ya dripu na kikarudi siku ya 2 hadi ya 5. Vidonda vya mdomo huja baadaye. Chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili, kwa dawa nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu hupanda taratibu, na ndiyo sababu wengi hupewa tarehe ya siku ya 21. Dawa zinatofautiana, kwa hiyo muulize daktari wako siku za hatari ni zipi kwa dawa yako, kisha zizungushie kalamu nyekundu.

Baada ya hapo yaandike majina. Nani analala na mgonjwa usiku wa kwanza, nani analeta uji siku ya 3, nani anafua, nani anachukua watoto shuleni, nani ana bajaji na simu yake haizimwi usiku. Ukimwambia mtu "ukipata nafasi njoo", atakuja siku ile wanayokuja wote. Ukimwambia "Jumatano ya siku ya 9 ni yako, njoo na mtungi wa maji ya kunywa", atakuja Jumatano. Sisi wa pwani tuna moyo wa kusaidia. Tunachokosa ni zamu.

Kuna ugumu mmoja hapa. Siku anazohitaji watu zaidi ndizo kinga yake ipo chini, na mgeni mwenye mafua ni hatari kwake. Kumwambia mtu wa Tanga asije kumtazama mgonjwa ni ugomvi wa miaka. Sisi tulimpa kazi hiyo shangazi, kwa kuwa hakuna anayembishia. Alisema mara moja, mbele ya watu: mwenye kikohozi, mafua au mtoto mwenye harara abaki kwake apige simu, wengine wakae barazani penye upepo, wanawe mikono kwa sabuni, wasimkumbatie. Watu walielewa. Yangetoka kinywani mwangu yangekuwa maringo.

Kichefuchefu kina dawa siku hizi, na kosa kubwa ni kukisubiri kije ndipo umeze. Ukipewa ondansetroni au deksamethasoni, meza kwa saa iliyoandikwa hata kama unajiona mzima. Deksamethasoni imezwe asubuhi pamoja na chakula, kwa maana ikimezwa usiku utahesabu mabati ya dari hadi alfajiri. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema, maana inapandisha sukari. Ondansetroni nayo hufunga choo, basi papai na maji viwepo tangu siku ya kwanza.

Jikoni pana mambo yake. Harufu hutapisha kuliko chakula chenyewe. Kwetu kukaanga dagaa na kukaanga vitunguu kulihamia kwa jirani kwa siku 5 za kwanza, na udi tunaoufukiza kwa ajili ya wageni ukafungiwa kabatini. Chakula kilichopoa kidogo hakitoi mvuke wa kumchafua roho. Apewe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku: uji mwepesi, ndizi, kiazi cha kuchemsha, mkate mkavu asubuhi kabla hajainuka kitandani. Akilalamika kila kitu kina ladha ya chuma, mpe kijiko cha mti au cha plastiki. Na nakuombeni, msimpikie kipenzi chake siku ya dripu. Nilimfungia dada mkate wa kumimina, nikidhani namdekeza. Akautapika njiani, na mpaka leo akiona chano cha mkate wa kumimina anageuza uso. Mwili unakishika kile chakula kuwa ndicho adui.

Kwa kuwa mkoa wetu ni wa machungwa, niseme na hili: balungi lisiguswe mpaka daktari akubali, kwa sababu linabadilisha namna mwili unavyoziyeyusha baadhi ya dawa. Chungwa la kawaida halina neno, ila limenye mwenyewe kwa kisu chako. Yale yaliyokwisha menywa na kupangwa kwenye sinia stendi, juisi ya miwa, kachumbari, chaza mbichi na mayai yasiyoiva, vyote vingoje mpaka matibabu yaishe. Maji ya kunywa yachemshwe. Dawa za miti nazo, ziwe za mganga au za bibi, zitajwe kwa daktari kwa jina. Sisemi hivyo kwa dharau. Ukificha kichupa halafu vipimo vya ini vikaja vibaya, daktari hatajua alaumu nini, na huenda akapunguza dawa iliyokuwa ikikufaa.

Meno yashughulikiwe kabla ya kuanza. Jino bovu ambalo umelivumilia miaka miwili linaweza kuwa mlango wa maambukizi kinga ikishuka, na kuling'oa katikati ya matibabu ni shughuli nyingine. Nunua mswaki laini. Suuza mdomo mara kadhaa kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, tangu siku ya kwanza na si vidonda vikishatoka. Pilipili, achari na ndimu zipumzike. Wengine watakwambia unyonye barafu wakati wa dripu. Kwa baadhi ya dawa inasaidia kweli, lakini mwenye kupewa dawa ya kemo iitwayo oksaliplatini hukatazwa kabisa vitu vya baridi, kwani huleta ganzi na mkazo wa koo. Uliza kwanza.

Choo hakizungumzwi vya kutosha, labda kwa haya. Kwa saa 48 hivi baada ya dripu mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha avae glavu, amwage maji mengi, afunge mfuniko, anawe. Shuka na kanga zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito asiifanye kazi hiyo. Na kama mojawapo ya dripu ni ile nyekundu, doksorubisini, mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Dada aliniita chooni usiku akilia, anaona anatoka damu. Ingekuwa tumeambiwa, tungelala. Wanandoa wamuulize daktari kabla kuhusu kinga ya mimba na kuhusu uzazi wa baadaye, maana swali hilo likiulizwa baada ya dripu ya tatu majibu huwa machache.

Sasa homa. Hapa ndipo ningependa usome mara mbili.

Sisi tumekulia kwenye malaria. Mwili ukichemka tunameza panadol, tunajifunika, tunasema kesho tutapima. Kwa mtu aliye kwenye kemo hiyo kesho inaweza isifike. Askari wakiwa wachache, bakteria wakiingia kwenye damu hawana wa kuwazuia, na dalili pekee huenda ikawa joto hilo hilo, bila usaha, bila kikohozi. Nunua kipima joto kabla ya safari ya kwanza na mjifunze kukisoma nyote mnaoishi nyumba hiyo. Kikifika 38, ondokeni muda huo huo, iwe saa nane za usiku. Panadol isimezwe kabla ya kupima, kwa kuwa inaliteremsha joto na kulificha, huku maambukizi yakiendelea. Kutetemeka kwa baridi bila joto kupanda, kupumua kwa shida, damu ya fizi isiyokata, kuhara kusikokoma au kushindwa kubakisha hata maji tumboni, navyo ni vya kuondokea.

Sisi kilifika 38.4 usiku wa siku ya 11. Kituo cha kwanza tulichogonga kilimpima malaria, hana, wakampa vidonge wakasema turudi asubuhi. Kilichotuokoa ni karatasi. Tulikuwa tumeandika kwa kalamu nzito: "Mgonjwa huyu anatibiwa saratani kwa dripu. Dripu ya mwisho tarehe fulani. Majina ya dawa ni haya. Apimwe damu kamili, pamoja na chembe nyeupe, sasa hivi." Nilipoifikisha Bombo, hospitali ya mkoa, nesi aliisoma akiwa amesimama, akamwita daktari kabla hatujaandikishwa. Alilazwa siku 4 na dripu za antibiotiki. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, tunaishi Tanga. Lakini hata kikikuta vimelea, kisiwe sababu ya kutopima damu kamili. Karatasi hiyo tulitoa kopi 3: moja mkobani, moja nyuma ya mlango, moja kwa jirani wa bajaji. Pamoja na kipima joto, weka kwenye kopo nauli ya usiku isiyokopwa kwa sababu yoyote.

Safari yenyewe si ndogo. Kutoka stendi ya Kange hapa Tanga hadi stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, ni kama kilometa 350, na Ocean Road, hospitali ya saratani, iko ng'ambo ya jiji, ufukweni. Kuna watu hufunga safari hiyo, wakafika, wakapimwa, wakaambiwa damu iko chini, warudi baada ya wiki moja. Muulize daktari wako kama unaweza kupimwa damu Tanga siku mbili kabla na kuwapigia wa Ocean Road majibu. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni pesa ya uji wa mwezi. Ukienda, uwe na mahali pa kulala usiku wa dripu, hata kama ni kwa binamu unayemsalimia Idi hadi Idi. Kurudi siku hiyo hiyo ni kujitesa. Kwenye basi kaeni mbele, mifuko isiyovuja ya kutapikia iwe mkononi na si kwenye begi chini ya buti, barakoa usoni, na kidonge cha kichefuchefu kimezwe kabla dereva hajawasha gari.

Kwenye lile benchi la kusubiri mtakutana na wenzenu. Chukueni namba. Mama mmoja kutoka Handeni, aliyekuwa kwenye dripu ya tano, alimwonyesha dada jinsi ya kufunga kilemba kisichoteleza kwenye kichwa kitupu, na akamwambia nywele zitaanza kudondoka wiki ya 2 au ya 3 kwa hiyo azinyoe mwenyewe kabla hazijamkuta kwenye mto. Wakawa wanapigiana kila Ijumaa baada ya Adhuhuri. Mambo mengine mimi sikuyaelewa, na sikutakiwa kuyaelewa. Mpaka wa msaada huo uwe mmoja tu: vidonge havigawani. Dripu ya huyu si ya yule, hata kama saratani ina jina moja.

Siku za kawaida nazo zipewe ratiba, kwa maana uchovu wa kemo hauondoki kwa kulala. Ukilala mchana kutwa unazidi. Dada alikuwa akitoka baada ya Alfajiri, jua bado changa, anatembea hadi kona ya barabara ya 12 na kurudi, dakika 15. Siku mbaya alifika mlangoni akarudi, na ilihesabiwa. Kupepeta mchele na kukunja nguo alifanya ameketi. Kazi moja ya maana kwa siku, ifanyike asubuhi akiwa na nguvu. Ramadhani ilipoingia katikati ya dozi palikuwa na mjadala, akataka kufunga. Sheikh wa mtaa ndiye aliyemwambia mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Kama unajua Ramadhani itawakuta, nenda ukamwone sheikh mapema ili mgonjwa asikie kutoka kwake.

Kwenye kalenda yetu kulikuwa na jina moja lililokosekana hadi dripu ya tatu, nalo ni la mtu wa kunipokea mimi. Nililala kwenye kiti wiki 7, nikaanza kumfokea mgonjwa kwa sababu ya kijiko. Wifi akaniona. Akachukua kalamu akaandika jina lake kila Jumamosi, akaniambia nikaoge, nikalale kwake, na simu nimwachie yeye.