Kabla hujahama kwenye ukurasa wa zamani wa barua pepe za ofisi

Zipo ofisi hapa Dar, za mawakala wa forodha kule Posta na wauza vipuri wa Kariakoo, ambazo hadi leo zinasoma barua pepe kwa SquirrelMail, programu ambayo toleo lake la 1.4.22 lilitoka mwaka 2011. Zikiambiwa zihamie Roundcube, programu nyingine ya kusomea barua pepe kwenye brauza, swali la kwanza huwa: barua zetu zitapotea?

Hazipotei. Barua zinakaa kwenye seva, na programu zote mbili huzisoma palepale kwa IMAP, yaani njia ya kusoma barua bila kuziondoa kwenye seva. Hakikisha tu hakuna kompyuta ya ofisini iliyowekwa POP3, njia nyingine ya kupokea barua, maana hiyo inaweza kuwa inazishusha barua na kuzifuta kwenye seva.

Kinachopotea ni majina. Niliwahi kuhamisha ofisi moja Jumamosi, nikaondoka najisifu. Jumatatu asubuhi dada wa mapokezi akanipigia: "Kaka, naandika herufi mbili za mteja, jina haliji!" Kitabu cha anwani hakimo ndani ya barua, SquirrelMail kwa kawaida hukiweka kwenye faili lake lenye kiishio cha .abook. Kama huoni kitufe cha kukitoa, waombe wanaokuhudumia seva wakupe faili hilo. Mistari yake imegawanywa kwa alama ya |, kwa hiyo lifungue kwa Excel, weka vichwa vya safu juu, lihifadhi kama CSV (jedwali la maandishi matupu), ndipo uliingize Roundcube. Jaribu na majina matano kwanza.

Saini nakili mwenyewe, ni dakika moja. Vichujio, yaani kanuni za kupanga barua zinapoingia, viandike upya. Folda isipoonekana usipige kelele, huenda haijawekewa alama ya kuonyeshwa kwenye mipangilio. Ukikuta "Sent" na "Sent Items" zote zipo, chagua moja uiambie programu itumie hiyo, la sivyo ankara ulizotuma utazitafuta sehemu mbili.

Halafu nenosiri. Muulize kila mtu analijua la kwake, na usikubali jibu la "ndiyo" mpaka aliandike mbele yako. Wengi wamejaziwa na brauza miaka nenda rudi, na ukurasa mpya ukiwa na anwani nyingine, brauza haijazi kitu.

Usihame karibu na tarehe 20, wahasibu wakihangaika na ritani za VAT. Na ukurasa wa zamani uachwe wazi wiki mbili tatu.

Mwisho, uliza Roundcube unayopewa ni toleo gani. Juni 2025 lilizibwa tundu la hatari lililokuwamo kwa takriban miaka 10, kwa matoleo 1.6.11 na 1.5.10. Wakikutajia namba iliyo nyuma ya hizo, waambie wasasishe kwanza, ndipo uanze kuhamisha majina.