Bima ya vurugu za kisiasa kwa nyumba ya wageni, Malindi na Lamu

Nauza bima hapa Malindi, na wateja wangu wengi wana mbia Mtaliano. Wakija huuliza bei kwanza. Mimi huwaomba waniletee bima ya moto waliyo nayo.

Hatua ya 1: Fungua ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Tafuta vita, uasi, ghasia za raia, ugaidi. Yakiwamo, na kwa kawaida yamo, nyumba ikichomwa kwenye fujo za uchaguzi hulipwi. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, wafanyabiashara wengi nchini walinyimwa fidia kwa sababu hiyo.

Hatua ya 2: Tenganisha hatari. Mali kuvunjwa au kuchomwa ni kazi ya bima ya vurugu za kisiasa na ugaidi; kampuni za hapa Kenya wanayo. Mali kutaifishwa, au faida kuzuiwa isitoke nchini, ni jambo la mbia wa nje. Yeye abishe hodi MIGA, shirika la Benki ya Dunia linalowakatia bima wawekezaji wa nje, au ATIDI, shirika la Afrika la bima ya biashara na uwekezaji lililo Nairobi. MIGA hutaka ombi kabla pesa hazijaingia, kwa hiyo awahi. Shilingi kushuka thamani hakulipwi.

Hatua ya 3: Uliza itakuwaje wageni wasipokuja. Hapa tafadhali usiharakishe. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa. Mpeketoni iko bara, Shela yenye nyumba za wageni iko kisiwani Lamu, lakini wageni walikatika Lamu nzima, na amri ya kutotoka nje usiku ikafuata. Bima ya kawaida ya mapato hulipa pale tu jengo lako lenyewe limeharibika. Ubalozi ukiwaonya raia wake wasije Pwani, kwa mkataba huo hujapata hasara. Dai kipengele cha hasara isiyo na uharibifu wa mali, kiandikwe, na umbali wa tukio utajwe kwa kilomita. Ni ghali, na bado ningekinunua kabla ya vingine vyote.

Hatua ya 4: Thamini nyumba kwa gharama ya kuijenga upya, pamoja na boriti, makuti na ile milango ya kuchonga. Nyumba ya milioni 20 ukiikatia bima ya milioni 10, umelipia nusu tu ya thamani, kwa hiyo hasara ya milioni 4 utalipwa nusu, yaani milioni 2.

Hatua ya 5: Mfundishe msimamizi wako. Likitokea la kutokea, apige picha kabla ya mtu kushika ufagio, achukue polisi namba ya OB (kitabu cha kuandikia matukio), kisha aiandikie kampuni ndani ya siku zilizowekwa kwenye mkataba.