Kumpima daktari mwanagenzi wa upasuaji kabla ya kumwachia kisu

Mwongozo huu ni wa wapasuaji wanaosimamia vijana katika hospitali kama zetu za Malindi, ambako msimamizi ni mmoja na ndiye huyo huyo anayeamshwa usiku. Miaka pekee haimpandishi mtu. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinataka angalau miaka 2 ya mafunzo ya msingi, na 5 kwa jumla kwa upasuaji wa kawaida. Hicho ni kima cha chini tu.

1. Chagua operesheni ya kumpimia. Mimi huchagua busha. Matende na mabusha Pwani yako, na operesheni yenyewe huonekana rahisi mpaka damu ivilie.

2. Anzia wodini. Mwache aamkie, "Shikamoo mzee," ahoji, apime. Wewe simama kando, kimya. Vidole vyake vinafika juu ya uvimbe? Visipofika, aseme mwenyewe kwamba huenda ni ngiri. Amezima taa akamulika tochi kuona kama mwanga unapenya? Anayekimbilia fomu ya idhini kabla ya hayo hayuko tayari, hata awe na mikono myepesi vipi. Sikiliza pia anavyomjibu mgonjwa akiulizwa habari za uzazi na lini atarudi shambani.

3. Thieta, pima kipande kwa kipande. Kipimo cha Zwisch, cha kuonyesha mwanagenzi anahitaji msaada kiasi gani, kina ngazi 4: wewe unafanya ukieleza; yeye anafanya ukimwongoza; anaongoza nawe unamsaidia tu; anafanya peke yake ukitazama. Toa alama kwa kupasua ngozi, kuutenga mfuko wa maji ya busha na mishipa ya korodani, kuukata, kuzuia damu, kushona. Mtu anaweza kuwa ngazi ya 4 kwenye ngozi na ya 2 kwenye mishipa. Alama moja ya operesheni nzima huficha hilo, nami siitaki.

4. Andika kabla hujatoka thieta. Ukingoja Ijumaa utakumbuka adabu yake tu. "Amefanya vizuri" si tathmini. "Ukingo wa mfuko ulivuja, akauona na kuufunga kabla sijasema" ni tathmini.

5. Waulize masista. Wao ndio wanaojua nani alirudi usiku kutazama bandeji.

6. Amua na mwenzako, hata kwa simu hadi Mombasa, kwa sababu kijana unayempenda huoni dosari zake. Marekani kamati hupitia kila mwanagenzi angalau mara 2 kwa mwaka. Sisi watu wawili na daftari tunatosha. Ruhusa iandikwe kwa mipaka: "Busha la kawaida, bila mimi kunawa na kuingia kwenye operesheni, nikiwa ndani ya hospitali. Ukishuku ngiri au saratani, niite." Asiyepanda mwambie faraghani, umtajie kipande kinachomrudisha nyuma na tarehe ya kupimwa tena.

Na aliyekuita katikati ya operesheni usimkate alama. Mimi humwongezea.